Kuweka dawa ya nywele nyumbani: maswali mnayouliza kila mara

Ukurasa huu ni wa wanaowekana dawa ya kunyoosha nywele uani, bafuni au sebuleni, kwa sababu saluni ni gharama au kwa sababu ndivyo mlivyozoea na dada zenu. Simwambii mtu aache, wala simshawishi aanze. Nataka tu kwamba ukifungua kopo ujue kilichomo, na ujue la kufanya kikianza kuchoma. Ninayeandika ni msusi, na vichwa vingi vilivyonipita mikononi viliharibikia nyumbani kwa mambo mawili tu: maji na saa. Utaona ninayarudia.

Dawa inafanya nini hasa kwenye unywele?

Unywele ni protini iitwayo keratini. Ndani yake kuna vifungo vya salfa vinavyoushikilia ujikunje kama ulivyozaliwa nao. Dawa ni alkali kali, yenye pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali) ya 12 hadi karibu 14. Ikigusa unywele, unafura, magamba yake ya nje yanafunguka, dawa inaingia na kuvivunja vifungo hivyo. Ukiulaza wakati huo kwa mgongo wa kitana, unabaki umenyooka. Vifungo vilivyovunjwa hivi havirudi tena, si kwa nyutralaiza (shampuu ya kukata dawa), si kwa kondishena, si kwa yai na parachichi. Sehemu iliyonyooka itabaki hivyo mpaka uikate.

Ngozi ya kichwa nayo ina keratini, na dawa haichagui. Mliofundishwa kutengeneza sabuni vikundini mnaijua kostiki soda na mnajua kwa nini mlivalishwa glovu. Sodiamu hidroksaidi iliyomo kwenye makopo mengi ya saluni ndiyo kostiki hiyohiyo, imechanganywa na mafuta na maji ikawa krimu.

Boksi langu limeandikwa "no lye". Maana yake haliunguzi?

Linaunguza. Maandishi hayo yanasema tu kwamba hamna kostiki. Ndani utakuta kopo la krimu yenye kalsiamu hidroksaidi na kichupa cha maji ya guanidini kaboneti. Ukivichanganya vinazaa guanidini hidroksaidi, na pH yake nayo inapita 12. Tofauti ni kwamba haiwashi ngozi mapema kama ya kostiki, kwa hiyo kwa mtu anayewekewa nyumbani na asiye msusi ndiyo ningeichagua. Lakini kutokuwasha mapema kuna hatari yake: watu wanakaa nayo kupita muda kwa kuwa hawasikii kitu.

Kasoro yake nyingine ni kwamba inaacha chembe za kalsiamu kwenye unywele, nao unakuwa mkavu na kukosa mng'ao. Kama mtaani kwako mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, utaliona hilo haraka zaidi. Tafuta shampuu ya kuondoa chumvi na madini, uitumie mara moja kwa mwezi, kisha kondishena nzito.

Changanya kopo zima na kichupa kizima, sio kukadiria kwa jicho. Mchanganyiko unaobaki tupa. Hauwekwi kabatini kwa ajili ya jirani.

Nichukue ya nguvu gani: "mild", "regular" au "super"?

Shika unywele mmoja katikati ya vidole viwili. Kama huusikii kabisa, ni mwembamba, chukua "mild" hata kama kichwa chako ni kipilipili kikali. Ukiusikia kama uzi, "regular" inakutosha. Wengi hununua "super" kwa sababu nywele zao ni ngumu kuchana, lakini ugumu wa kuchana unatokana na mikunjo, sio unene. Nywele nyembamba zilizojikunja sana zinakatika vibaya chini ya "super". Zilizowahi kupakwa rangi ya boksi pia ni za "mild". Zilizoblichiwa usiziwekee kabisa.

Nani asiweke?

Mwenye kidonda, upele, mapunye au mba wenye magamba yanayotoka na ngozi. Mwenye nywele zinazopukutika bila sababu anayoijua. Aliyejifungua miezi michache iliyopita na nywele zinamdondoka kwa wingi. Hilo ni la kawaida na hupita lenyewe, lisubiri lipite. Aliyefumua rasta au wivingi wiki hii, apumzishe ngozi walau wiki mbili. Na aliyejikuna. Kila ulipopita ukucha jana, dawa inapata mlango leo, kwa hiyo siku mbili kabla usikune, usichane kwa nguvu, usioshe.

Naandaa nini kabla sijafungua kopo?

Maji. Naliweka mbele ya kila kitu kwa sababu ndilo linalosahaulika. Saluni ina sinki na bomba. Nyumbani kuna mgao, kuna tanki lililokauka, kuna mwenye nyumba aliyefunga koki. Mtu anapakwa kichwa kizima, anakwenda bafuni, maji hayatoki. Kila dakika anayosubiri ndoo kutoka kwa jirani dawa inaendelea kula unywele na ngozi, maana haiachi kufanya kazi eti kwa kuwa muda wa kwenye boksi umeisha. Jaza ndoo tatu kubwa, weka na jagi, ziwe mkononi kabla ya lolote. Yawe vuguvugu au ya baridi. Ya moto yanaongeza ukali.

Kisha tafuta mtu wa pili. Huwezi kujipaka kisogo huku unaona. Mtu huyo avae glovu, na wewe pia uwe nazo.

Mafuta ya mgando uyapake kwa wingi kwenye mzunguko wote wa nywele, masikioni juu na nyuma, shingoni, halafu mistari kwenye ngozi ya kichwa kila unapogawa. Kama nywele zina dawa ya zamani, paka mafuta au kondishena juu ya sehemu hiyo ya zamani ili dawa mpya isishike. Simu iwe na kengele iliyotegwa. Watoto wawe nje ya chumba, dirisha liwe wazi.

Na wiki moja kabla, kata kishungi kidogo kisogoni, kipake dawa kwenye kisahani kwa muda ulioandikwa, kioshe, kivute kikiwa kimelowa. Kikikatika kama tambi iliyopikwa, kichwa chako nacho kitafanya hivyo.

Muda unahesabiwa kuanzia lini?

Kuanzia mpako wa kwanza. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kijikaratasi kikisema dakika 15, hazianzi ukishamaliza kupaka kichwa chote. Humo mna kupaka na mna kulaza. Ukichukua dakika 20 kupaka peke yake, pale ulipoanzia pamekwisha kupita muda wake kabla hujafika upande wa pili.

Kwa hiyo gawa kichwa mafungu manne, anzia kisogoni ambako kwa wengi nywele ndizo ngumu zaidi, na nywele za mbele karibu na paji la uso ziwe za mwisho kabisa. Hizo ni changa na nyembamba, dakika chache zinatosha. Mkipaka polepole, wekeni nusu ya kichwa leo na nusu nyingine wiki ijayo. Nani atakayeona? Funga kitambaa.

Tumia mgongo wa kitana au vidole kulaza, bila kuvuta. Unywele uliofura kwa dawa unavutika kama mpira, na ukivutika hivyo haurudi.

Naambiwa nivumilie, inapochoma ndipo inashika. Kweli?

Si kweli, na natamani ningemfikia kila mtu aliyefundishwa hivyo na shangazi yake. Kuchoma ni ngozi inayoungua. Hakuna uhusiano kati ya maumivu na kunyooka. Kichwa kinaweza kunyooka bila kuwashwa hata kidogo, na kinaweza kutoka vidonda huku nywele bado zimejikunja.

Ikianza kuwasha mahali pamoja, osha pale mara moja. Ikianza kuchoma, osha kichwa chote, hata kama zimepita dakika nne, hata kama upande mmoja haujapakwa. Nywele zilizonyooka nusu zinaweza kusukwa. Ngozi iliyoungua hadi ndani inapona na kovu, na penye kovu nywele hazioti tena. Mabaka ya utosini ya wanawake wenye umri wa mama zangu, yale wanayoyafunika kwa mtandio maisha yote, mengine yalianzia kwenye kuvumilia.

Ukishaosha ukaona lengelenge, usipake dawa ya meno, majivu wala spiriti. Endelea kumwagia maji safi ya baridi, acha wazi, nenda kituo cha afya. Kikiwa kinatoa maji au usaha siku zinazofuata, hilo si la kusubiri.

Naoshaje?

Kwanza maji matupu, mengi, mpaka uhakikishe hakuna utelezi, nyuma ya masikio na kisogoni hasa. Ndipo nyutralaiza ifuate. Kazi yake ni kuishusha alkali iliyobaki, na nyingi zina rangi ya kukuonyesha: povu likiwa la pinki, dawa bado ipo. Osha tena, suuza, osha tena, mpaka povu liwe jeupe. Boksi likisema mara tatu na wewe bado unaona pinki, ni mara nne. Shampuu ya kawaida, sabuni ya mche au ya unga hazifai hapa, zenyewe zina alkali au hazina cha kuikata.

Kama boksi halikuja na nyutralaiza, usianze mpaka umeinunua.

Retachi niweke baada ya wiki ngapi?

Retachi ni kuweka dawa kwenye nywele mpya zilizoota, na swali hili ningelijibu ukurasa mzima. Nywele hukua wastani wa sentimita 1.25 kwa mwezi. Baada ya wiki nane una sentimita mbili na kitu za nywele mpya. Baada ya wiki 12 una karibu tatu na nusu. Dawa ni ya hizo mpya peke yake. Ukiweka baada ya wiki nne kwa sababu kuna kicheni pati, nywele mpya ni fupi mno, hakuna mkono unaoweza kuzipaka bila kuvuka kwenda kwenye zilizokwisha kunyooka. Hapo zile za zamani, ambazo vifungo vyake vilivunjwa tayari, zinapata dawa mara ya pili, na retachi ijayo mara ya tatu. Zinakuwa nyembamba, zinachanika ncha, halafu zinakatika zote pale pale zinapokutana mpya na za zamani. Ndiyo maana mtu anakwambia "nywele zangu hazikui, zimeganda mabegani miaka mitatu". Zinakua. Zinakatikia njiani.

Mimi nasema wiki 10 hadi 12, na usiende chini ya nane hata kama ni wiki ya Idi au Krismasi. Kati ya hapo, mabutu, kusuka kulegea, au bigudi na drayia isiyo na moto mkali vinaficha mizizi vizuri tu. Na acha kuvuta dawa mpaka ncha "kwa dakika moja ya mwisho". Ni mazoea ya saluni nyingi, na ni mabaya huko kama yalivyo mabaya nyumbani.

Sehemu moja haikunyooka. Nirudie wiki ijayo?

Hapana. Ngoja retachi.

Nimepaka hina. Je, rangi?

Hina ya majani matupu, ile ya unga wa kijani inayoacha rangi nyekundu, huufunika unywele na inaweza kuzuia dawa isishike sawasawa. Subiri miezi miwili au zaidi, na ujaribu kwanza kwenye kishungi. Ninayoiogopa ni "hina nyeusi" na unga wa haraka wenye viambato visivyoandikwa. Mingine ina chumvi za metali, mingine ina kemikali ya PPD ambayo kwa baadhi ya watu huleta mzio mkali. Ukiwa hujui ulichopakwa, usiweke dawa juu yake.

Rangi ya kudumu na dawa visifanywe siku moja. Acha walau wiki mbili katikati, dawa ikitangulia.

Na kama nywele zina kalikiti, yaani zilikunjwa kwa dawa ya thayoglaikoleti, usiweke dawa hizi juu yake kamwe. Familia hizo mbili za kemikali hazipatani, na nywele hukatikia mkononi siku hiyohiyo.

Naweza kusuka baada ya kuweka?

Si wiki hiyo. Unywele wenye dawa una nguvu pungufu kuliko ulivyoota, na rasta nzito zinazoanzia kwenye nywele za mbele zinaung'oa na kishina chake. Madaktari wa ngozi wa Afrika Kusini wameandika sana juu ya upara wa kuvutwa, na waliosuka juu ya nywele zenye dawa wako hatarini zaidi. Ukitoka kwa msusi huwezi kukunja uso, au unameza panado ili ulale, zifumue za mbele usiku huohuo.

Mtoto wangu ana miaka saba, nywele zinamliza asubuhi. Kuna boksi lenye picha ya mtoto.

Mama, liache dukani. Uchunguzi wa Afrika Kusini uliopima pH ya dawa zinazouzwa ulikuta zile za watoto hazina tofauti ya maana na za watu wazima. Picha ndiyo ya mtoto, kilichomo ni kilekile. Ngozi yake ni nyororo zaidi, hawezi kutulia, na hatakwambia kwa wakati kwamba inachoma, hasa akiwa ameahidiwa soda akikaa kimya. Kinachomliza ni kuchanwa nywele kavu. Zilowanishe, tia kondishena, chanua kwa chanuo la meno mapana ukianzia ncha, suka twende kilioni usiku kabla ya kulala.

Wasichana wengi huku kwetu hukaa na nywele fupi mpaka wamalize kidato cha nne, halafu mwezi huohuo wanakimbilia dawa. Mdogo wangu, zikuze kwanza. Nywele za sentimita tatu zikiwekwa dawa hazina pa kwenda.

Ni mjamzito. Niweke?

Hakuna uthibitisho imara kwamba retachi moja humdhuru mtoto tumboni, na kiasi kinachopenya kwenye ngozi nzima kinadhaniwa kuwa kidogo. Lakini ngozi iliyoungua si ngozi nzima. Madaktari wengi hushauri uache walau miezi mitatu ya mwanzo. Ningesubiri mpaka nijifungue, na mkunga wako wa kliniki ndiye wa kumuuliza, sio mimi.

Habari za kansa zina ukweli?

Zina ukweli wa kuchukuliwa kwa uzito. Oktoba 2022 taasisi za taifa za afya za Marekani zilitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia wanawake 33,497 wa miaka 35 hadi 74 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka waliugua kansa ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Kwa makadirio ya watafiti, asilimia 1.64 ya wasiotumia wangeipata kufikia miaka 70, na kwa watumiaji wa mara kwa mara ni asilimia 4.05.

Ukisoma vizuri, asilimia nne si kila mtu, na utafiti wa namna hii unaonyesha mambo mawili yakienda pamoja bila kuthibitisha kwamba moja limezaa jingine. Haukuchunguza pia ni kiambato kipi katika boksi lipi. Lakini tazama hiyo "zaidi ya mara nne kwa mwaka". Anayeweka kila wiki sita yuko humo mara mbili yake. Ukiweka mara tatu au nne, nywele zinapona na nafasi ya kuugua unaipunguza kwa pamoja. Ukitokwa na damu baada ya kukoma hedhi, au katikati ya mwezi bila sababu, nenda ukapimwe, uwe unaweka dawa au huweki.

Basi keratini ya Brazil ni bora?

Ni kitu kingine kabisa. Haivunji vifungo kama dawa. Inaufunika unywele na kuugandisha kwa pasi ya moto, na hutoka baada ya miezi. Shida ni moshi ule unaowasha macho. Nyingi zina fomaldehaidi au viambato vinavyoitoa vikipata moto, hata pale lebo inaposema haimo. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, liliiweka fomaldehaidi mwaka 2004 kwenye kundi la visababishi vya kansa kwa binadamu. Baadhi ya viwanda vilihamia asidi ya glayoksili, na mwaka 2024 madaktari waliandika habari za mwanamke kijana aliyepata madhara ya figo baada ya kila mara aliponyooshwa kwa krimu yenye asidi hiyo. Kwenye chumba kidogo cha nyumbani chenye dirisha moja, nakusihi usijaribu.

Nikinunua dukani niangalie nini?

Alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, tarehe ya mwisho, kifuniko chenye karatasi isiyofunguliwa, na viambato vilivyoandikwa vikasomeka. Dawa iliyopimwa kwenye kikopo kisicho na lebo usiichukue hata kwa bure: hujui ni kostiki au guanidini, hujui nguvu yake, na ukiungua daktari hatajua alichokutana nacho. Krimu iliyojitenga, mafuta juu na maji chini, imeharibika.

Imeingia jichoni.

Acha kusoma, mwagia maji. Inamisha kichwa upande wa jicho lililoingiwa ili maji yasipeleke dawa kwenye jicho zima, fungua kope kwa vidole, mwaga maji safi mfululizo kwa dakika 20 au zaidi, toa lenzi kama unavaa, kisha hospitali, huku mtu akiendelea kumwagia njiani ikiwezekana. Usitie siki, limau wala maziwa ya mama. Alkali inaendelea kuzama jichoni hata maumivu yakipungua, kwa hiyo usibaki nyumbani kwa sababu umepata nafuu.

Mtoto akilamba au kumeza, mfute na kumsuuza mdomo, usimtapishe maana ikipanda itamuunguza koo mara ya pili, na mkimbize hospitali pamoja na kopo lenyewe.

Nataka kuacha. Lazima ninyoe?

Si lazima. Ukinyoa unaanza upya siku moja, na wengine wanapenda wepesi huo. Ukitaka kubaki na urefu, acha tu kuweka retachi na ukate ncha kidogo kila baada ya wiki nane hadi kumi. Itachukua mwaka hadi miaka miwili kumaliza za zamani. Sehemu dhaifu kuliko zote ni pale mpya zinapokutana na za zamani, kwa hiyo chana zikiwa zimelowa kondishena, shikilia hapo kwa vidole huku unachana kuanzia ncha, na ukisuka, mwambie msusi asianze na mkono mzito.